Nilijibana pembeni, na pembeni ndiko kulikoniponza

Ajali yangu ya baiskeli nimeisimulia mara nyingi: ofisini, saluni, hata msibani. Na kila nikiisimulia natokea mimi ndiye niliyeonewa na daladala. Leo naiandika yote, pamoja na vile vipande ninavyovirukaga, kwa sababu juzi shoga yangu mmoja kaniambia naye anataka kununua baiskeli awe anaendea kazini, nikaona siwezi kumpa ile hadithi ya saluni.

Mimi kwetu Shinyanga. Kwetu baiskeli inabeba mgonjwa, inabeba gunia la mpunga, inabeba mbuzi aliyefungwa miguu akakubali yaishe. Hata wale vijana wa kubeba abiria kwa baiskeli pale mjini tulikuwa tukiwaita daladala. Nilijifunzia ile nyeusi ndefu ya baba, nikiwa darasa la tatu, mguu nimeupitisha chini ya bomba la juu la fremu kwa kuwa kwenye siti nilikuwa sifiki. Unaendesha umepinda kama kaa, lakini unaenda. Kwa hiyo nilipoamua, nikiwa na miaka 43, kwamba nitakuwa naendesha kutoka Sinza hadi Ilala kazini, sikuona kama kuna cha kujifunza. Baiskeli nilikuwa naijua. Barabara ya Dar nilikuwa naijua ya dirishani tu.

Sababu zilikuwa mbili. Presha yangu ilianza kupanda, na daktari alinitazama kwa namna ambayo hakuhitaji kuongeza neno. Halafu nilikuwa nimechoka kupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, nusu ya safari nimesimama, mkoba wa mtu umeniegemea shavuni.

Nikanunua ya mtumba, nyekundu, ya gia, ina keria nyuma. Muuzaji alianza na 280,000, tukavutana mpaka 220,000, nikaondoka najiona mjanja. Kofia ngumu nikaongeza 40,000. Kwenye bei nilikaza, kwenye kuikagua nililegea. Ningetumia nusu tu ya muda ule kuijaribu, ningegundua jambo moja: kwenye baiskeli ya baba breki ya mbele ilikuwa mkono wa kulia, na kwenye hii ilikuwa mkono wa kushoto. Baadaye fundi alikuja kuniambia kwamba zinazotoka bara la Ulaya nyingi zimefungwa hivyo. Wakati huo mimi nilijua breki ni breki.

Wiki ya kwanza nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa nimeifunga kwa mpira. Kutoka Sinza nakatiza Tandale, natokea Magomeni Kagera, nashuka na Morogoro Road hadi Magomeni, halafu naikamata Kawawa Road kuelekea Ilala. Kule ndani Tandale nilikuwa malkia. Watoto wananisalimia, akina mama wanaochoma vitumbua wananiuliza ninakwenda wapi asubuhi yote hii. Nikifika lami kubwa, moyo unahamia kooni. Nashika usukani kama mtu anayening'inia mtini, mabega yamepanda masikioni, nikifika kazini vidole vimekufa ganzi na dakika kumi za kwanza siwezi hata kushika kalamu. Siku ya tatu konda mmoja alinipigia kelele, "Mama, hapa siyo Bariadi!" Nikataka kumjibu kwamba mimi wala siyo wa Bariadi, lakini gari lilishapita. Siku ya nne gauni liliingia kwenye cheni mbele ya kituo kilichojaa watu, nikasimama pale kama mbuzi kwenye kamba hadi muuza maji akaja kunizungushia pedeli kinyumenyume. Tangu hapo navaa suruali, gauni liko kwenye mfuko.

Sasa nieleze nilivyokuwa naendesha, maana ndipo penye jambo lenyewe. Nilikuwa najibana. Mstari wa mwisho wa lami kushoto, pale inapokutana na mawe ya ukingo, ndipo palipokuwa pangu. Nilidhani ndiyo adabu ya mwenye baiskeli: wenye barabara wapite, mimi niokote makombo. Kila aliyepiga honi nilidhani ananipigia mimi, nikasogea tena kushoto, hadi wakati mwingine pedeli ilikuwa inakwaruza jiwe.

Na makombo yenyewe ndiyo yale. Pembeni ndiko mchanga unakolala baada ya mvua. Pembeni kuna mifuniko ya mitaro, mingine ipo, mingine imebaki shimo. Chupa, mikokoteni, bajaji iliyoegeshwa dereva wake ananunua vocha, bodaboda inayokujia uso kwa uso kwa sababu naye pia kaona pembeni ndiyo njia yake. Zaidi ya yote, ukijibana, mwenye gari nyuma anaona kuna nafasi ya kukupita bila kubadili njia. Anapita. Kioo chake kinapita karibu na kiwiko chako, unasogea tena, na wa nyuma yake anaona nafasi imeongezeka.

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya tatu, mwezi Machi. Usiku mvua ilikuwa imenyunyiza, lami inang'aa. Nilikuwa nimechelewa kutoka, ilishakuwa saa moja kasoro, wanafunzi wamejaa vituoni. Kwenye Kawawa Road, kabla ya mteremko wa bonde la Msimbazi, mbele yangu kulikuwa na daladala imeanza kupunguza mwendo. Haikuingia kituoni, ilibaki katikati ya njia yake. Kati ya ubavu wake wa kushoto na mawe ya ukingo kulikuwa na upenyo, wa mita moja hivi na kidogo. Nyuma yangu lori la mchanga likapiga honi, ile ndefu.

Kipande cha kwanza ninachokirukaga ni hiki: nilikuwa na muda wa kusimama. Nilikuwa na muda wa kutosha kabisa. Nilichoogopa ni kusimama mbele ya lori, nikae pale katikati watu wote wananitazama, dereva anatukana. Kwa hiyo nikaingia kwenye upenyo. Na kila mtu aliyewahi kupanda daladala nchini hii, ambako tunaendesha kushoto, anajua mlango uko upande gani.

Mnajua pia wanafunzi wanavyoshushwa. Nauli yao ndogo, kwa hiyo konda anawapanga karibu na mlango na kuwamwaga kabla gari halijatulia. Niliusikia mkono wake unagonga bodi, nikausikia mlango, kisha akatokea binti mdogo wa shule ya msingi, begi mgongoni kubwa kuliko mgongo. Hakutazama kushoto. Angetazama kwa nini? Hapo ni mahali pa kushukia.

Nikaminya breki zote mbili kwa nguvu zangu zote, na mkono wangu wa kushoto ndio uliowahi. Tairi la mbele likaganda, la nyuma likanyanyuka. Usukani ukamgonga begi na bega, akaanguka kwenye ukingo, mimi nikamruka nikaenda kutua kwenye mawe kwa kiganja cha kushoto. Sikusikia maumivu. Nilisikia kitu kama kijiti cha muwa kinavunjwa gotini.

Nilipoinuka kukaa nilimwona binti ameketi, goti linachuruzika, hajaanza kulia. Ananitazama. Akasema, "Mama, kiatu changu." Kiatu kimoja hakikuwepo. Nikaanza kukitafuta, kweli kabisa, nimepiga magoti barabarani na mkono mmoja nainua baiskeli kuangalia chini yake, mkono mwingine umening'inia umepinda kama shingo ya kijiko, na watu wananipigia kelele nitoke njiani. Kiatu kilikuwa ndani ya mtaro.

Konda alichungulia mlangoni akasema, "Mama, unapita wapi?" Nimemtukana sana yule kijana kwenye masimulizi yangu, lakini swali lilikuwa halali. Kisha daladala ikaondoka. Namba sikuishika, rangi ya mstari wake siikumbuki, na kati ya watu ishirini waliojaa pale hakuna aliyeishika. Kama utajikuta mahali kama hapo na kichwa bado kinafanya kazi, mwombe mtu mmoja, mmoja kwa kumnyooshea kidole, apige picha ya gari na ya mlivyoanguka kabla havijaondolewa. Ukiomba kundi zima, kila mtu anadhani mwenzake anapiga.

Niliogopa kupigwa, nisifiche. Mtoto kalala chini, mtu mzima kamgonga, Dar hii. Bodaboda mmoja akasema kwa sauti, "Tulieni, mama wa watu mwenyewe kavunjika," akatuketisha wote wawili kwenye kibaraza cha duka, akafunga mkono wangu kwenye kipande cha boksi la biskuti kwa kitenge changu mwenyewe. Namba ya simu ya mzazi ilikuwa imeandikwa ndani ya jalada la daftari la Hisabati. Mama yake ni mama lishe, kijiwe chake hakikuwa mbali. Alikuja mbio, ngano bado kwenye viwiko. Alimpapasa mtoto kuanzia kichwani hadi miguuni bila kusema kitu. Kisha akautazama mkono wangu. "Haya dada," akasema, "twendeni wote."

Tukapitia polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwendea matibabu, kwa sababu hospitali wataiuliza kwa majeruhi wa ajali. Ukiwa na hali mbaya utahudumiwa kwanza na karatasi ifuate, lakini sisi tulikuwa tunatembea. Askari alikuwa mtu mpole. Akaniuliza imekuwaje, nikaanza na daladala. Akauliza, "Daladala ilikugusa?" Nikasema hapana. "Mtoto alikugonga, au wewe ulimgonga mtoto?" Hapo kimya kiliniingia. Kabla ya pale sikuwahi kufikiri kwamba kwenye karatasi mimi ndiye nitakayekuwa chombo cha moto, ingawa moto sina. Mama wa binti ndiye aliyeniokoa: alisema hana shauri, anachotaka ni mtoto atibiwe. Angetaka vingine, sijui leo ningekuwa naandika nini.

Baiskeli haina bima. Wenye magari wanalazimika kuwa nayo ya mtu wa tatu, mimi nililipa kutoka kwenye pochi: sindano ya pepopunda ya mtoto, picha ya bega lake, ambalo tunamshukuru Mungu halikuvunjika, kufunga kidonda, viatu vipya, na siku mbili ambazo mama yake hakufungua kijiwe. Upande wangu kuna picha, P.O.P, ile plasta ngumu, kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko, dawa, na bajaji za kwenda kliniki. Nilipojumlisha ilikuwa imepita 310,000, kabla sijagusa rimu iliyopinda. Nilipobishana na muuzaji kuhusu ile 60,000 nilidhani nimeokoa pesa.

P.O.P nilikaa nayo wiki sita. Kipande cha pili ninachokirukaga ni wiki hizo. Nilikuwa siogopi magari tena, niliogopa watoto. Nikiwa kwenye daladala naona sare ya shule mlangoni, tumbo linakaza. Nilimpigia simu mama wa binti mara nyingi mno, hadi siku moja akaniambia kwa upole, "Dada, mtoto anaruka kamba, na wewe lala." Mume wangu hakusema nilikuonya, lakini baiskeli aliihamishia nyuma ya tangi la maji na kuiegemezea mbao.

Aliyenirudisha barabarani ni mzee anayesambaza mikate mtaani kwetu kwa baiskeli, sanduku la bati nyuma, miaka mingi kabla mimi sijahamia. Siku moja aliuona mkono, nikamwamkia, akauliza. Nilimpa hadithi ya saluni. Akasikiliza hadi mwisho halafu akauliza swali moja tu: "Ulikuwa umekaa wapi, mwanangu?" Nikamwonyesha kwa mguu mchangani: hapa daladala, hapa ukingo, hapa mimi. Akatikisa kichwa. "Hapo hakuna mtu. Hapo ni pa maji ya mvua."

P.O.P ilipotolewa nikamwomba anifundishe, na Jumapili nne mfululizo, alfajiri barabara ikiwa tupu, alinitanguliza yeye akifuata nyuma. La kwanza alilolifanya ni kunituma kwa fundi kubadilisha waya za breki, ya mbele ihamie kulia. Elfu tano. Kisha akanitoa ukingoni. Alinitaka nikae kama hatua moja ndefu kutoka kwenye mawe, niende mstari ulionyooka, nisiwe naingia na kutoka kila nikikuta gari limeegeshwa. Nikamwambia watapiga honi. Akasema anayepiga honi ameshakuona, muogope asiyepiga. Mwanzoni niliona ni maneno ya kizee, lakini siku ya kwanza niliyokaa pale kwenye Shekilango yenye magari, gari la nyuma lilisubiri, likawasha indiketa, likahama njia kunipita kama ninavyopitwa na mtu mwenye akili. Lilinipigia honi pia. Nikabaki palepale.

Kuhusu daladala ana kanuni zake, na nimezikuta kweli. Usiangalie indiketa, inaweza kuwa imekufa tangu mwaka juzi. Angalia tairi la mbele linaelekea wapi, na tazama ndani kupitia kioo cha nyuma: abiria akiinuka kwenye siti, gari linasimama hata kama dereva hajaamua. Konda akitoa mkono mlangoni, ndani ya sekunde tatu kuna mtu chini. Daladala ikisimama una njia mbili tu. Unasimama nyuma yake, mbali kidogo, au ukiangalia nyuma ukaona pamekaa wazi kabisa, unaipita kulia kwa upana. Kushoto kwake hakuna njia, hata kama pangepita tembo. Magari madogo yaliyoegeshwa ni kinyume: wale dereva anafungua mlango upande wako, kwa hiyo unapita mbali kiasi kwamba mlango ukifunguka wote haukufikii.

Mimi mwenyewe nimeongeza mawili. Morogoro Road, kando ya mwendokasi, kuna njia iliyotengwa kwa baiskeli. Naitumia pale inapopitika, maana kuna mahali imegeuka meza ya machungwa na kijiwe cha boda, na hapo nashuka nasukuma, simfokei mtu. Ile njia ya mabasi yenyewe siingii hata ikiwa nyeupe kama uwanja wa mpira. Basi linakuja upesi na huna pa kukwepea. La pili ni muda. Tofauti ya kutoka saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu ni kubwa kuliko tofauti ya baiskeli nzuri na mbaya. Siku nikichelewa, napanda gari na baiskeli inabaki nyumbani. Ajali yangu ilianzia kwenye chai niliyoirudia.

Watu wataniuliza kama ilistahili. Presha imeshuka, sitasema ni baiskeli peke yake, chumvi nayo nimepunguza. Nauli nimeokoa, lakini deni la ile 310,000 nilikuja kulimaliza Septemba. Kuna siku nimefika kazini naimba, na kuna siku nimeteremka Magomeni nikakaa kwenye jiwe dakika tano mikono ikitetemeka kwa sababu ya basi dogo lililochomekea.

Kituo kile napita kila asubuhi. Juzi daladala imesimama, nami nikasimama nyuma yake, mguu mmoja chini. Gari la nyuma likaanza honi. Konda akageuka, kaniona, akanipungia mkono kushoto: "Mama, pita basi, nafasi ipo!" Nikatikisa kichwa. Wanafunzi wanne wakashuka, wa tano akarudi kuchukua chupa yake ya maji aliyoisahau, na honi nyuma yangu ikawa haikatiki.

Ijumaa jioni bado siendeshi. Naisukuma kwa miguu hadi nivuke Magomeni yote. Kengele nimeihamishia upande wa kulia, maana kidole gumba cha kushoto asubuhi kinachelewa kuamka.